Daktari wa Viraka

Pumzi ya mkewe ilikuwa ikikwama kama zipu iliyokula kitambaa. Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alikaa mlangoni mwa chumba, simu mkononi, akiisikiliza pumzi ile ikipanda, ikigoma, ikishuka. Miaka yote aliyoshonea watu nguo hakuwahi kuogopa hivi.

Na si kwamba alikosa wa kumwuliza, jamani! Tangu maradhi haya yaingie, kila mtu alikuwa tabibu. Redio ilisema mwenye shida ya kupumua apige namba ya bure. Dada yake alisema anayebebwa na gari la wagonjwa harudi, na hata kuzikwa huzikwa na watu wasiomjua. Hilo la dada ndilo lililomkaa kooni.

"Baba, piga ile namba sasa hivi," binti yake alimsihi kwa simu kutoka mji wa mbali. Barabara zilikuwa zimefungwa.

"Wakimchukua nisimwone tena, je?"

"Na akikufia hapo ndani, baba?"

Akakata simu. Hakuwahi kumkatia mwanawe simu.

Ndipo ujumbe wa sauti ukaingia kwenye kundi la majirani. Juu yake mtu alikuwa ameandika: Daktari bingwa mstaafu. Sikilizeni, msambaze. Fundi akaongeza sauti.

"Usikimbilie hospitali," alisema mzee mmoja, taratibu, bila papara. "Huko ndiko watu wanakoambukizwa. Jifukize, ulale, homa itashuka yenyewe."

Moyo ukamtulia. Hatimaye mtu mwenye akili zake! Hata sauti yenyewe ilimwingia kama ya ndugu. Akaenda kuinjika maji ya kumfukiza mkewe, huku akiurudia ule ujumbe.

Mara ya pili akasikia kitu nyuma ya maneno: cherehani inakwenda, na mkanda wake uliolegea ukipiga kofi kila gurudumu linapozunguka. Akageuka kuitazama cherehani yake pale dirishani. Kisha kikaja kicheko cha mwanamke, kirefu, cha kifua kizima: "Haya, daktari wa viraka!"

Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe. Nani huijua sauti yake ikishatoka kinywani? Maneno yale alimrekodia shemeji yake mwanzoni mwa maradhi, huku anapinda suruali, shemeji mwenyewe ana kihoma tu. Alikuwa anabahatisha. Na aliyecheka vile ni huyu aliyelala chumbani, ambaye tangu asubuhi hajaweza kumaliza sentensi.

Akazima jiko, akapiga namba ya bure. Akaambiwa gari linakuja, afungue madirisha, mgonjwa akae ameegemea mito.

"Daktari... kasemaje?" mkewe akauliza. Kumbe naye alikuwa ameisikia ile sauti.

"Kasema twende hospitali."

Mkewe akaitikia kwa kichwa.

Fundi akamshika mkono, na kwa mkono wa pili akafungua simu awaambie majirani kwamba yeye si daktari, hajawahi kuwa daktari. Chini ya ujumbe ule palikuwa na jibu kutoka namba asiyoijua: "Mungu ambariki daktari huyu. Tulikuwa tumeshamvisha mama viatu, sasa tumemvua."

Akaipiga namba ile. Ikaita. Ikaita.