Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Kila asubuhi namchemshia Bibi Stamena kahawa, halafu natoka na kikombe changu kwenda kuutazama mfereji. Unashuka kutoka mlimani, unapita kwenye pembe ya chumba anacholala, kisha unaingia mtoni. Natazama tu, narudi. Lakini asubuhi ile kahawa ilinimwagikia mkononi.

Mawe yangu hayakuwepo.

Kiangazi chote nilikuwa nimeyapanga vizingiti vifupi kutoka juu hadi chini, nikavikaza kwa fito za mierebi, ili maji yashuke kama mzee anayeshuka ngazi, akipumzika kila hatua. Sasa mfereji ulikuwa umekwanguliwa kama sahani iliyolambwa.

Baba mkubwa Radisav alikuwa amechuchumaa langoni, brashi mkononi, ndoo ya chokaa pembeni. Mawe yangu yalikuwa yamepangwa kandokando ya njia, meupe pe. Kesho yake ilikuwa siku ya Mtakatifu Dimitri, sikukuu ya ukoo wetu, na siku hiyo wageni huja bila kualikwa.

"Unaonaje, Dunja? Kama kasri!"

"Baba mkubwa, hayo mawe..."

"Yalikuwa yanaziba mfereji. Majani yamekwama, matope yamejaa, aibu tupu! Wageni waone takataka kabla ya mkate wa sikukuu? Nimeusafisha. Maji yapite mbio, yaende zake."

"Lakini mimi nilikuwa... yaani, labda..."

"Labda nini? Umesomea maji Belgrade miaka yote hiyo, unarudi kuujaza mawe mfereji wa bibi yako!" Akacheka, akanipaka chokaa puani.

Nikatabasamu, nikaifuta chokaa. Watu wa kwetu ndivyo walivyo. Kabla ya sikukuu wanakwangua mifereji mpaka ing'ae. Majira ya kuchipua wanaziba kingo zilizobomoka na kuulaani mlima.

Mchana mvua ikashuka. Maji yalikuja ya kahawia, hayakusimama popote, yakaigonga ile pembe moja kwa moja. Nilipiga magoti nikapapasa chini ya msingi. Kiangazi pale paliingia vidole tu. Sasa mkono ulizama hadi kiwiko.

"Dunja!" Bibi aliita kutoka ndani, alikokuwa akipamba mkate wa sikukuu. "Mbona sakafu inanguruma?"

Baba mkubwa alikuwa amesimama barazani na glasi yake ya rakija, pombe kali ya matunda. "Ona yanavyokimbia! Hata tone halibaki. Hapo sasa, msomi, una neno?"

Nilikwenda langoni, nikalinyanyua jiwe la kwanza. Chokaa mbichi ikanitapakaa kifuani.

"We! We! Rudisha, halijakauka! Utaniharibia njia!"

"Nalihitaji, baba mkubwa."

"Subiri sikukuu ipite, utacheza na mawe yako mpaka uchoke."

Kwa kawaida ningesema sawa. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililibana jiwe kifuani.

"Sisubiri," nikasema, kwa sauti ambayo sikuijua. "Maji yakipita mbio hayaendi zake, yanakwenda chini ya kitanda cha mama yako. Naogopa nyumba itamwangukia amelala. Weka hiyo glasi, baba mkubwa, uje unisaidie kubeba."