Minyoo ya Beseni la Jikoni

Tulipoachana, mume wangu alijichukulia kituo chetu chote cha kuzalisha samaki, mabwawa, pampu, hata koleo nililonunua mwenyewe, akaniachia mabeseni ya minyoo. Alidhani amenikomoa. Aliwaambia wafanyakazi kwamba msomi anafaa kukaa na matope yake, nao wakacheka, kwa kuwa sasa mlipaji ni yeye peke yake.

Nilihamia vyumba viwili nyuma ya karakana, nikaendelea na utafiti wangu. Minyoo ya maji baridi, ile myembamba myekundu inayoishi kwenye tope, ukiitazama kwa macho huoni tofauti. Kwa nasaba sivyo. Kuna ukoo unaompokea kimelea wa samaki kama mgeni wa heshima: anakua ndani yake, anazaana, kisha anamwagika majini kutafuta samaki. Na kuna ukoo mwingine unaommeza kimelea huyo huyo, habari yake ikaishia hapo.

Asubuhi moja mtalaka wangu akaja, adabu zimemrudia ghafla. Vifaranga vyake vya samaki vilikuwa vinazunguka vikifukuza mikia, mikia yenyewe imekuwa myeusi, kisha vinakufa. Alikuwa amesikia kwamba minyoo ya ule ukoo mzuri ikimwagwa kwa wingi kwenye bwawa, inaweza kuliokoa. Akaniita mama watoto, na watoto wenyewe hatukujaliwa.

Sikumdanganya, nataka hilo lieleweke. Nilimwonyesha beseni la mlangoni nikamwambia, "Hii ndiyo inayommeza. Chukua yote. Ile ya jikoni usiiguse, nimeiambukiza kwa ajili ya majaribio."

Akachungulia jikoni. Minyoo ya kule ilikuwa minono, maana mnyoo ulioshikwa na kimelea huacha kuzaa na chakula chote huishia mwilini. Ya mlangoni ilikuwa imekonda, haina mvuto. Nikaona jinsi macho yake yanavyopiga hesabu. Ndoa yetu nzima mtu huyu alikuwa akipanga samaki wazuri juu ya ndoo na wabovu chini, na hakuwahi kuamini kwamba duniani kuna mtu anayetoa kizuri akabaki na kibovu.

Nikasema naenda dukani mara moja kununua sabuni. Huko nikapiga soga na mwenye duka mpaka tukaishiwa maneno.

Niliporudi, beseni la mlangoni lilikuwa limejaa vile vile. La jikoni lilikuwa tupu, na matone ya maji yamefuatana sakafuni hadi nje. Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningempigia, angegeuza, hakuwa amefika mbali. Maji ya mabwawa yale hayaendi kwa mtu mwingine, yanaishia shambani kwake mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na jirani wa kumwonea huruma. Nikaiweka simu mezani, nikapiga deki, na raha niliyoisikia siku ile sijaionea haya mpaka leo.

Kabla msimu haujaisha, mabwawa yote yalikuwa yameambukizwa. Wanunuzi wakamkimbia, na wale wafanyakazi wacheshi wakatafuta kazi kwingine. Aliporudi kwangu alikaa bila kukaribishwa, akauliza afanye nini. Nikamwambia ayakaushe mabwawa, azoe tope lote, amwage chokaa, kisha anirudishie kituo nianze upya na minyoo yangu iliyokonda. Alikubali bila kubishana. Hakuwa na pa kushika.

Akatazama mikono yake.

"Ulijua sitakuamini," akasema.

"Nilijua."

"Kwa hiyo ungenidanganya, ningepona."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndiyo maana nilikwambia ukweli."