Matundu Kumi ya Fenda ya Kushoto

Usiku wa kuamkia leo niliota gari la Damiano limesimama uani kwangu, limeinuliwa kwa jeki upande wa kushoto, nalo limenuna.

Damiano ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Ni dereva wa kupeleka watu porini. Mwezi uliopita alilifunga gari matairi mapana ya kupita kwenye tope, yakatokeza nje ya bodi kama masikio. Kazini wakamwambia haondoki mpaka afunge fenda za nyongeza, yale mapande meusi ya plastiki yanayokaa juu ya tairi ili mawe yasiruke. Jana mchana alizifunga hapa hapa nyumbani, mimi nikimshikia na kumsaidia kupaka rangi matundu ya skrubu. Hayo ni ya kweli, si ya ndoto.

Ndotoni ilikuwa vile vile, ila jua lilikuwa la saa sita na halikuwa na joto.

"Bibi, nishikie hii," Damiano ananiambia.

Naishika. Ni fenda ya kushoto ya mbele, nyepesi kama ungo, ina ukanda mwembamba wa mpira pembezoni na matundu kumi ya skrubu.

"Usinibane," fenda inasema. "Nishike kama unavyoshika mtoto wa watu."

"Samahani," nikaiambia, nikalegeza vidole.

"Umesoma?"

"Mpaka darasa la saba."

"Linatosha. Hapa ni kuhesabu tu."

Damiano akabandika karatasi ya gundi kwenye bodi ili rangi isichubuke, akaniambia niiegeshe fenda juu yake, akapiga alama ya penseli ndani ya kila tundu. Akazitazama alama mara mbili. Akazitazama na ya tatu.

"Wewe mume wangu, unakodoa macho kama mtu anayetafuta chawa."

"Bibi, chuma ukishakitoboa huwezi kukirudisha."

"Neno hilo alirudie," fenda ikasema, "gari halijasikia vizuri."

Akalirudia. Gari likashusha pumzi ndefu, likakubali.

Akachukua drili akatoboa tundu la kwanza. Chuma kililia, na vumbi lake likadondoka juu ya kandambili zangu. Nilipoinua macho niliona nyuma ya sikio la kushoto la Damiano pana tundu. Duara safi, kubwa kama punje ya dengu, halina damu. Nilichungulia nikaona kamba yangu ya nguo upande wa pili, na ile shuka ya maua imeanikwa.

"Damiano, una tundu."

"Ndiyo, hilo la kwanza. Bado tisa."

"Usimshtue," fenda ikaninong'oneza. "Ana drili mkononi."

Anatoboa la pili, linatokea begani. La tatu, kwenye kiwiko. La nne na la tano, ubavuni, na kupitia la tano namwona kuku wangu mweupe akipita na vifaranga. Damiano anapiga mluzi. La kumi linatokea kisiginoni, na kiatu kimetoboka nacho.

"Hii ni nini?" nikaiuliza fenda.

"Bodi ya gari na bodi ya dereva ni moja. Madereva wote wanajua, ila hawasemi nyumbani."

"Yataziba?"

"Chuma kikitobolewa, tundu linapakwa rangi kabla ya skrubu kuingia. Ukilipaka la gari, na la mtu linaziba. Usipolipaka, Kutu anaingia."

"Akiingia?"

"Anakula. Hana haraka. Halafu siku moja watu wanasema dereva fulani alisinzia. Hakusinzia, mama."

Nikainama nikachukua kopo la rangi ya kijivu. Brashi ilikuwa ndogo kama ya kupakia kucha. Nikapaka kwa uangalifu, mdomo wa tundu kwanza, kisha ndani, kisha nikapuliza. Kila nililolipaka lilizibika mwilini mwa Damiano, ngozi ikajivuta taratibu kama uji unapoanza kushika juu. Bega likaziba. Kiwiko kikaziba. Nikaenda hivyo, moja baada ya jingine, mpaka kisiginoni. Hapo nikafunika kopo, nikalikandamiza kwa kiganja.

Damiano akafunga skrubu kwa mkono, akianzia katikati na kwenda pembeni, bila kukaza. Ya mwisho ilipoingia ndipo akazikaza zote. Akashusha jeki, akaingia ndani ya gari, akafunga kioo.

"Bibi, nakata usukani hadi mwisho," akapaza sauti, "uniangalizie kama tairi linagusa fenda!"

Anakata usukani. Unazunguka, haukomi. Jiko langu linapita. Kamba ya nguo inapita. Choo kinapita. Kisha vyote vinasimama, nasi tumefika Mwisho.

Mwisho ni chumba kirefu chenye benchi, kama pale tunaposubiri kliniki, na sakafu yake ni ya saruji iliyofagiliwa. Gari lilikuwa katikati ya chumba. Kwenye benchi alikaa mzee wa rangi ya udongo, shati lake limepigwa pasi vizuri. Kila alipojisogeza, unga wa kahawia ulimdondoka kwenye magoti, naye akaupangusa kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikutaka kumwitikia. Lakini salamu ni salamu. "Marahaba."

"Mimi ndiye Kutu. Nimekuja kwa ajili ya kijana wako."

"Huna pa kuingilia. Nimepaka."

"Na mimi palipopakwa siingii. Ni mtu wa utaratibu. Umepaka mangapi?"

Nikayahesabu kwa vidole, kuanzia bega hadi kisigino. "Tisa."

"Fenda ina matundu mangapi?"

Nikavihesabu vidole tena.

Mama yangu alinifundisha kufuma vitambaa vya makochi nikiwa msichana, na sijaacha mpaka leo. Katika kufuma, kile kitanzi cha kwanza kilichokaa kwenye sindano hakihesabiwi. Unakiruka, unaanza na kinachofuata. Mkono wangu haujui njia nyingine. Ulikuwa umeliruka tundu la kwanza, nami nilikuwa nikiutazama.

"Haligusi, eti Bibi?" Damiano anapaza sauti nyuma ya kioo, anacheka, anazungusha usukani. Nyuma ya sikio lake pana duara, na ndani ya duara kuna mwanga.

Nalifungua kopo. Rangi imekauka, imekuwa jiwe. Naikwangua kwa kucha, kucha inakatika. Naikwangua kwa brashi, brashi inaniambia imechoka.

"Nichukue mimi," nikamwambia Kutu. "Nina matundu mawili masikioni, nilitobolewa mwaka niliopata kipaimara."

Akasimama, akanitazama masikio kwa makini, hili na lile, kama daktari. "Hayo yana hereni, mama. Yameshakaliwa."

"Ana mtoto wa miezi minne."

"Wengi wao wana watoto," akasema, na nadhani alisikitika.

Akapita kwenye kioo bila kukifungua. Akakunja mkono wa shati lake, mkunjo mmoja, wa pili, asije akauchafua. Kisha akanyoosha kidole chake cha mwisho, kile kidogo, akakiingiza taratibu nyuma ya sikio la mjukuu wangu. Damiano akaacha kucheka.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jogoo wa jirani alikuwa ameshamaliza kelele zake, na shingo yangu ilikuwa imelowa jasho. Nikakaa kitandani nikasema, ni ndoto tu, mwanamke wewe, nenda kabandike chai.

Nilipokuwa nikikoleza moto Damiano akaingia jikoni, amevaa sare, amebeba begi lake la safari.

"Shikamoo Bibi. Naondoka, wageni wananisubiri getini saa mbili."

"Marahaba, mume wangu. Kunywa chai kwanza."

"Nitakunywa njiani." Alikuwa akijikuna nyuma ya sikio la kushoto. "Hebu nitazame hapa Bibi, sijui mdudu gani kaniuma."

Nikamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na uvimbe wala alama ya meno. Palikuwa na kidoa cha kahawia, duara, kikubwa kama punje ya dengu. Nikakipitisha kidole changu, kidole kikarudi na unga. Nikaunusa. Ulinuka kama bati la zamani likinyeshewa mvua.

"Ni nini?" akauliza.

"Nipe funguo za gari."

"Bibi, nachelewa."

"Nipe, nimesema. Kaa kwenye kigoda hicho, inamisha kichwa." Nikazifunga funguo kwenye pindo la khanga, nikakaza fundo kwa meno. "Na lile kopo la rangi uliliweka wapi?"