Lehemu ya Machi

Mimi ni fundi tu wa maabara, siyo profesa, na huu mwaka wa thelathini nafunga vikopo vya shinikizo hapa Sendai. Kikopo ni chuma kinene kinachoenea kiganjani. Ndani unaweka kipande cha fuwele, mafuta na koili ndogo ya waya, kisha unakaza mpaka mafuta yaibane fuwele pande zote.

Fuwele ilikuwa ya Chinatsu, mwanafunzi wetu wa udaktari. Ina atomi za iterbi, mojawapo ya zile metali adimu, zimejipanga pembetatu pembetatu, na kila atomi ni kasumaku kanakotaka kumgeuzia jirani yake mgongo. Wawili wataelewana. Huyo wa tatu je, amgeuzie nani? Ndiyo maana uzipoze utakavyo, sumaku hizo hazipangiki. Chinatsu alidai ukizibana zinapangika, na mchoro wake ulimuunga mkono: nyuzi tatu na nusu juu ya sifuri kamili, mstari wa usumaku ulidondoka ghafla. Akiongeza shinikizo, mdondoko unahamia kwenye baridi zaidi. Bila shinikizo, alipoipima fuwele nje ya kikopo, haukuwepo kabisa.

"Isobe-san, umeuona?" aliniuliza, anaruka-ruka. "Ijumaa naitetea tasnifu! Osaka wananisubiri kazini Aprili, wanachotaka ni shahada tu."

"Hongera. Sasa toa chai yako juu ya meza yangu."

Akacheka. Ameshanizoea.

Mchana, nikila onigiri, tonge langu la wali, nikauvuta ule mchoro niutazame vizuri. Mdondoko ulishuka nusu nyuzi kwa kila shinikizo la angahewa elfu kumi. Namba hiyo naijua tangu usichana wangu, enzi tulipopima shinikizo kwa kipande cha metali ya bati. Bati likipoa sana huifukuza sumaku, na mstari hudondoka palepale. Lakini siku hizi tunapimia metali ya risasi. Bati limeingilia wapi?

Kikulacho ki nguoni mwako. Machi mwaka jana chuo kilitukataza lehemu yenye risasi, nami nikailehemu koili kwa ile mpya, ambayo karibu yote ni bati. Daftarini sikuandika. Nani anaandika lehemu, jamani?

Ningenyamaza, nani angejua? Niliwaza hivyo, sitadanganya, mpaka onigiri ikaisha.

"Chinatsu, washa sumaku kubwa. Nguvu ya gausi mia tano inatosha."

"Ya nini tena? Si nimeshamaliza!"

"Washa, usinibishie. Kama ni fuwele yako, haitajali. Kama ni bati, sumaku italishinda na mdondoko utapotea."

Tulingoja dakika arobaini kikopo kipoe. Tukafika nyuzi tatu na nusu, tukazipita. Mstari ukaenda umenyooka tu.

"Bati la nani?" akauliza.

"Langu. Ni lehemu ya koili. Nililehemu mimi, na sikukwambia."

Akakaa. "Kwa hiyo hazipangiki."

"Hazipangiki. Hata ukizibana."

Nilitaka anitukane, ningepumua. Badala yake akaniuliza kupima yote upya kutachukua muda gani. Nikamwambia ukweli: mpaka Juni.

Akatoka koridoni kuwapigia Osaka simu. Kupitia kioo cha mlango nilimwona akiinama, kama tunavyoinama sote hata kwa mtu asiyetuona. Akainama mara moja, mara mbili. Ya tatu hakuinuka upesi.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. "Nafasi watampa mwingine. Haya, pasha moto chuma chako, Isobe-san, tulehemu upya bila bati. Na safari hii uandike."

Nikafungua daftari, nikaandika: lehemu, bati, Machi, Isobe. Nikalifunga kabla wino haujakauka, ukachafua jina langu.