Vidole na Uso Wake

Siku shangazi alipofariki, taulo za wateja zilikuwa bado mbichi kwenye kamba. Alizifua mwenyewe alfajiri, akalalamika kifua kinambana, na jua halijapanda sawasawa akawa ameshakwenda. Watu walipoanza kuingia kwa vilio, mtoto wa kaka yake alitoka uani akazianua moja moja na kuzikunja. Hakujua aifanyie nini kingine mikono yake.

Mikono hiyo ndiyo iliyompa jina. Alipoletwa kwa shangazi akiwa kigori, uso wake uling'aa mafuta kama kikaango, chunusi zimejaa toka kipaji hadi kidevu, naye kila alipokaa alizitumbua. Shangazi akamwita Vidole. Akamfunza kwamba ngozi ya mafuta si ngozi chafu, wala haitaki vita. Inataka kuoshwa asubuhi na jioni kwa sabuni laini, kupakwa losheni nyepesi, kisha kuachwa ipumzike. Kila mteja aliyelala kwenye kiti cha chumba chake cha kutunzia nyuso alipewa taulo aikumbatie kwa mikono miwili, asije akajigusa. Miaka ilipita, Vidole akawa na uso mwororo, na uso huo ndio uliokuwa bango la chumba kile.

Msiba ulilibomoa bango. Alilia, akajifuta kwa chochote kilichokuwa karibu, kisha akajisugua kwa sabuni ya kufulia kana kwamba huzuni ni masizi. Chunusi zikarudi kama wapangaji waliosahau mzigo. Akazifunika kwa poda nzito. Zikazidi, naye akazidisha poda.

Alipofungua tena chumba, wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani wa jirani, mama wa maneno, pamoja na binti yake aliyekuwa karibu kuolewa. Binti alipokuta mlango umefungwa siku za matanga alijitibu kwa ndimu na dawa ya meno, mashavu yakababuka. Mama alitaka krimu kali, ile inayosafisha uso chapuchapu. Vidole aliijua: leo inachubua, kesho inaacha mabaka. Alijua vilevile kwamba fundi akitoka pale amenuna, mtaa mzima utasikia kuwa chumba kimekufa na mwenyewe.

Akamwambia hana krimu hiyo na hataileta.

Fundi alimkazia macho. "Mwanangu, marehemu ningemsikiliza. Wewe hiyo poda inaficha nini? Mganga hajigangi, sawa, lakini na kujificha tena?"

Vidole alivuta kigoda mbele ya kioo, kando ya kiti cha binti, akaiosha poda yake yote mpaka uso ukabaki kama ulivyo. Binti akausogelea, akautazama kwa makini.

"Dada, mbona umenizidi?"

"Nimekuzidi mbali. Shika taulo, usije ukanifikia."

Hata fundi alicheka. Basi wakaanza: maji vuguvugu, sabuni laini, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua. Kwenye losheni binti akagoma, akiuliza nani amewahi kupaka mafuta juu ya mafuta. Vidole akamweleza kuwa hii ni nyepesi, haizibi vitundu vya ngozi, na ngozi iliyobabuka huhitaji kufunikwa kama jeraha lolote. Akajipaka yeye kwanza. Ndimu na dawa ya meno akazipiga marufuku, na akasema vile vipele vya ndani vinavyouma, visipopungua, ni vya kuonwa na daktari wa ngozi. Alisikia sauti yake haitetemeki. Haikuwa sauti ya shangazi, ilikuwa yake.

Fundi akauliza kama harusi itakuta uso umepona.

"Uso mpya sikuahidi, mama. Nakuahidi huu hautaharibika."

Fundi aliuliza waje tena lini.

Siku ya harusi uvimbe ulikuwa umetulia, zimebaki chunusi chache kidevuni, na bibi harusi alikataa katakata kupakwa poda nzito. Sasa huja kwa Vidole kila Jumamosi, na mumewe huja naye: ana chunusi mgongo mzima.