Siku Cherono Alipozima Kamera

Cherono aliigiza filamu za ngono kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu hizo hizo mjini Toronto. Asubuhi hiyo walikuwa wakirekodi katika nyumba ya kukodi huko North York. Libérata, mwigizaji mpya wa miaka thelathini hivi, aliketi ukingoni mwa kitanda, akakataa kuvua koti.

"Dada, nimeshindwa," alisema.

"Si alikubali jana?" mpiga picha aliuliza.

"Jana ilikuwa jana," Cherono akajibu, akazima kamera.

Zamani naye aliwahi kumwomba mwongozaji wake asimamishe kazi. Aliambiwa amalizie kwanza, naye akamalizia.

Wenzake walifungasha taa. Mlangoni, Libérata aliuliza kama ataitwa tena.

"Ukitaka mwenyewe, nipigie. Usipotaka, sitakulaumu."

Alipobaki peke yake, Cherono alijilaza kitandani na viatu vyake. Alidhani angejivunia alichofanya, lakini alichohisi ni uchovu tu, uchovu wa miaka yote ile. Akalala hadi mwenye nyumba alipobisha hodi.