Shangazi Amesema Nzuri

Ungetaka kusifiwa, usingekwenda kwa Shangazi. Alikuwa fundi cherehani, na wateja walimpenda kwa mkono wake na kumwogopa kwa mdomo wake. Bibi harusi mmoja aliwahi kusimama mbele ya kioo chake, gauni limeshamkaa, mama mtu anafuta machozi ya furaha, na Shangazi akasema, "Mabega yamekataa. Livue." Harusi ilikuwa kesho yake. Gauni likafumuliwa, likashonwa upya, na yule bibi harusi sasa ana watoto watatu na bado analeta nguo pale pale. Msema kweli mpenzi wa Mungu, majirani walisema, ingawa wengine waliongeza kwamba hata Mungu huenda alikuwa anaomba mapumziko kidogo.

Aliishi na mtoto wa kaka yake, ambaye alimlea tangu akiwa na miaka saba. Mtaa ulimwita Msomi kwa sababu alivaa miwani kabla hajajua kusoma. Alipomaliza chuo hakutafuta kazi benki kama ndugu walivyotaka. Aliomba chumba cha nyuma ya duka, kile cha marobota ya vitambaa na sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa, akaweka kompyuta mbili juu ya meza ya kukatia. Moja yake, ya pili ya Mchoraji, binti waliyesoma naye, ambaye utotoni alikuwa akichora kwenye karatasi za Shangazi za kukatia mitindo mpaka Shangazi akamnunulia daftari kwa kujihami.

Wakaanza kutengeneza gemu. Iliitwa Ndoo, na habari yake ndiyo hiyo. Maji yamekatika kwenye jengo la ghorofa saba, lifti mbovu, na mama mmoja lazima apandishe ndoo hadi juu bila kuimwaga. Njiani kuna watoto na mpira, kuna watu wanashusha kochi, na kuna jirani wa ghorofa ya pili ambaye salamu zake haziishi.

Shangazi akawa ndiye mjaribu. Hakuwa amewahi kucheza gemu maishani mwake, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Walimkalisha kwenye kigoda, wakampa simu, wakasimama nyuma yake na daftari. Sheria ilikuwa moja: hakuna kumsaidia. Akikwama, akwame.

"Nikikwama mimi, gemu ndiyo jinga," alisema, na wakaiandika ukutani.

Siku ya kwanza yule mama wa ndoo aliingia kwenye kona ya ngazi, akabaki anausukuma ukuta kwa robo saa. "Huyu ana nini na huu ukuta?" Shangazi akauliza. "Wana kesi?" Wale wawili wakaumwa mbavu kwa kicheko kilichozuiwa, wakaandika, na kesho yake kona ilikuwa imebadilika. Wiki ikifuata wiki, jibu lake likawa neno moja tu, "Bado," na kila aliposema bado walirudi mezani bila ubishi. Mwishowe ikafika siku mteja aligonga kaunta kwa sarafu, akagonga tena, na Shangazi akapaza sauti bila kuinua macho, "Ngoja wewe! Niko ghorofa ya tano!"

Mchoraji alimshika Msomi mkono, akaubana. Gemu ilikuwa tayari.

Ndoo ilipanda kama unga uliotiwa hamira. Watu wa nchi ambazo hata kuzitamka ni kazi waliipakua, wakaandika kwamba wamemkumbuka mama yao. Ikapata tuzo, kisha mwekezaji mwenye viatu visivyojua vumbi, halafu ofisi ya ghorofa ya nne yenye kuta za vioo. Lifti yake ilifanya kazi, jambo ambalo Mchoraji alisema ni usaliti. Kutoka wawili wakawa ishirini na sita. Shangazi alipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kilichoandikwa Mkaguzi Mkuu, akakivaa hadi sokoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Msomi hakulewa sifa. Shida yake ilikuwa nyingine. Kwenye mikutano ya watengeneza gemu wakubwa, watu walimpa mkono, wakasema, "Aa, wewe ndiye wa ndoo," huku wanatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma. Akataka kufanya kitu ambacho hakuna mtu angekichekea. Kwa hiyo gemu ya pili ikawa Falme Tisa, yenye vita, farasi, wafalme na wahunzi, na miaka mitatu ikaliwa humo. Ndani ya ufalme wa tatu kulikuwa na kivuko kidogo, ambapo mvushaji anavusha watu wawili waliogombana, na lazima wapatane kabla hawajafika ng'ambo. Kile kivuko kilikuwa cha Mchoraji. Akasema hicho ndicho kitu pekee kinachopumua, wazitupe falme nane, wakikuze hicho. Msomi akasema mwekezaji ameahidiwa tisa.

Waligombana wiki nzima ndani ya chumba cha vioo, wafanyakazi wote wakiona midomo inavyokwenda bila kusikia neno. Mwishowe wakakubaliana lile walilolijua tangu chumba cha marobota. Shangazi atacheza. Akisema bado, watakata, watachelewesha, na mwekezaji atavumilia au ataondoka. Akisema nzuri, inatoka kama ilivyo, na Mchoraji hatanyanyua mdomo tena.

Akaja asubuhi, amevaa gauni lake la mialiko. Msichana wa mapokezi, mwenye mimba ya miezi mitano, alimletea chai, akamnong'oneza, "Shangazi, leo tunakutegemea wewe." Kijana anayechora farasi akamwamkia kwa magoti kabisa, akamwambia kwamba tangu apate kazi hii amemchukua mama yake wanaishi pamoja. Kila meza aliyopita ilimtabasamia. Kisha akamwona Msomi. Fundi haangalii uso kwanza, anaangalia nguo ilivyokaa, na Shangazi aliona shingo ya kijana wake inaelea ndani ya kola. Vidole viwili vingepita pale bila kugusa.

Siku hizi hakukuwa na kusimama nyuma ya mtu. Walimfungia kwenye chumba peke yake, na kompyuta kubwa, kwa saa mbili. Akacheza. Mfalme akaongea. Yakaja maandishi, akayasoma, yakaja mengine marefu zaidi, akayaruka. Mfalme akaongea tena. Akapewa farasi, hakujua aende wapi, akaenda mtoni, farasi akaingia majini na hakutoka. Alisubiri kidogo aone kama atatoka.

Alitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Muda wote uliobaki alikaa tu, akitazama kupitia kioo jinsi Msomi alivyokuwa akizunguka na simu sikioni, ingawa hakuwa anaongea na mtu.

Saa mbili zilipokwisha mlango ukafunguliwa.

"Shangazi," Msomi akasema. "Nzuri?"

Hakuwa amewahi kumuuliza. Zamani aliangalia mikono yake ikicheza na kujua. Na ile sauti Shangazi alikuwa ameisikia mara moja tu, siku mtoto wa miaka saba alipomuuliza kama baba yake atarudi kutoka hospitali. Siku ile alimwambia kweli. "Hapana, baba." Akaona kweli ilichomfanya mtoto. Miezi mitatu hakutoa neno kinywani, hata njaa ikimuuma. Shangazi hakujutia, lakini hakutaka kuiona tena.

"Nzuri," akasema. "Nzuri sana, baba."

Mchoraji alikuwa amesimama nyuma ya Msomi. "Na kivuko umekionaje, Shangazi?"

"Kizuri," Shangazi akajibu, akiinamia mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakikuwamo. Alishangaa jinsi uongo wa pili ulivyokuwa mwepesi kuliko wa kwanza. Mchoraji akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Ahadi ni deni. Hakunyanyua mdomo tena, na mwezi uliofuata akaondoka, meza yake ikaachwa safi kama ya mtu aliyehama.

Falme Tisa ilitoka siku ya Ijumaa. Jumatatu dunia nzima ilikuwa inamcheka farasi. Watu walimrekodi akizama, wakamwekea muziki, wakatumiana. Wengine hawakucheka, walisema tu kwamba inachosha, na hilo ndilo liliua. Mwekezaji akaacha kupokea simu. Ngoma ikilia sana hupasuka, walisema wale wale ndugu wa benki, na Shangazi angewatia sindano kama wangekuwa karibu. Miezi minne haikupita, kuta za vioo zikawa za watu wengine, na wafanyakazi wakatawanyika kila mtu na kisanduku chake. Wa mapokezi alijifungua wiki hiyo hiyo.

Msomi alirudi chumba cha nyuma. Akawa anatengenezea maduka programu za stoo, kazi anayoifanya akiwa amefumba jicho moja. Hakulalamika. Walizungumza habari za chakula na za mlango umefungwa au haujafungwa, basi.

Jambo lililompata Shangazi wateja waliliona kabla yake. Alianza kuwaambia, "Imekukaa." Kwa sketi iliyovuta nyuma, imekukaa. Kwa koti lililobana kwapani, imekukaa. Aliona hana haki tena ya kumwambia mtu kweli, baada ya kuinyima kweli hiyo nyumba yake mwenyewe. Alikuwa amewatosa watu ishirini na sita mtoni na farasi wao, kwa neno moja, na kila alipomwona Msomi ameinama kwenye meza ya kukatia aligeuza macho. Njia ya mwongo fupi, lakini yeye alikuwa anaitembea mwezi wa tano sasa na haijafika mwisho.

Asubuhi moja, anapindua suruali ya mtu, akaona liwalo na liwe.

"Baba," akasema. "Mimi nilikudanganya."

Msomi aliendelea kubonyeza.

"Ile gemu sikuicheza. Nilicheza kidogo nikachoka, nikakaa tu mpaka ukaja. Sikukiona hata hicho kivuko. Nilikuona umekonda, nikaogopa."

"Dakika kumi na moja," Msomi akasema.

"Nini?"

"Ulicheza dakika kumi na moja, Shangazi. Mashine inaandika kila kidole kinapobonyeza. Nilifungua siku ile ile, ulipoingia tu kwenye lifti. Nikaona farasi amezama, nikaona umesubiri, nikaona umeacha."

Shangazi alikuwa na uzi kati ya meno. Huruma ndiyo aliyokuwa ameiandaa miezi yote hiyo, na toba, lakini kilichopanda kwanza kilikuwa hasira.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha nibebe peke yangu? Nakula nalo, naamka nalo, na wewe unapita hapo na kikombe chako cha chai unajua?"

"Niliona haya."

"Basi siku ile si ungenifuata! Si ungenirudisha uniulize!"

"Ningekurudisha," Msomi akasema polepole, "ungeniambia ukweli."

Cherehani ya duka la jirani ilisikika ikienda, ikanyamaza. Msomi alivua miwani na kujifuta uso kwa kiganja. "Nilishachoka, Shangazi. Nilitaka neno lako tu, nilitumie. Nikamwambia Mchoraji, Shangazi amesema nzuri. Nikawaambia wote hivyo hivyo. Nikasimama nyuma ya gauni lako."

Angekuwa na miaka kumi, kandambili ingeshafika. Lakini alikuwa mtu mzima anayelia na miwani mkononi, na Shangazi alimpenda mpaka ikamuuma kifua.

"Vaa viatu," akamwambia. "Twende kwa yule binti."

"Atanitukana."

"Akutukane. Vaa viatu."

Akafunga duka saa nne asubuhi, siku ya kazi, suruali ya mtu ikiwa na mguu mmoja mrefu. Mchoraji alikaa mitaa mitatu mbele, akichora mabango ya vinyozi na maduka ya dawa. Alifungua mlango akiwa na rangi ya kijani mpaka kwenye kiwiko. Aliwaamkia, kwa sababu alilelewa vizuri, lakini hakusema karibuni.

Msomi alisema yote pale pale kizingitini, bila kujipamba. Kwamba Shangazi hakucheza, na kwamba yeye alilijua hilo siku ile ile na akalificha. Mchoraji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Shangazi.

"Yeye nilitarajia angedanganya," akasema. "Aliogopa, nilimwona. Lakini wewe?"

"Mimi," Shangazi akasema. "Sina la kujitetea, mwanangu."

Mchoraji alitazama mikono yake. "Nilidhani mimi ndiye sijui kuona. Nimekaa miezi yote hii nadhani jicho langu bovu." "Nina rangi inakauka," akasema mwisho, akafunga mlango, si kwa kuubamiza.

Shangazi aliinua mkono abishe tena. Msomi akaushika. "Tumwache. Amesikia."

Wakarudi wakitembea taratibu, jua likiwa limeshapanda, kila mmoja na aibu yake. Walipokata kona ya kwanza Msomi akasimama.

"Shangazi. Ilikuwaje?"

"Nini?"

"Gemu."

Shangazi alimtazama shingo, ambayo ilikuwa bado haijarudi mahali pake. Aliogopa kama alivyoogopa siku ile. Safari hii hakuangalia mkoba.

"Mbaya, baba," akasema. "Ilikuwa mbaya sana."

Msomi alifumba macho. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha, akatikisa kichwa kama mtu aliyefunguliwa mkanda uliombana. "Nianzie mwanzo," akasema. "Usiniruke kitu."

"Kwanza yule mfalme. Nani alimwambia tuna muda wa kumsikiliza? Halafu yale maandishi, nimeyasoma, nimegeuka kunywa chai, nakuta yamekuja mengine..."

Msomi alikuwa anapapasa mifuko kutafuta kalamu. Walipofika dukani walikuwa bado dakika ya nne kati ya zile kumi na moja, wakapitiliza.